Pale Ambapo Nyuki Haikupiga Picha

Newala,
28 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba Nurdin,

Shikamoo mjomba. Mama amesema nitangulize salamu zake, kwa hiyo hizo ndizo za kwanza, na zangu zinafuata. Mkaza mjomba hajambo? Faidha ameacha kukohoa? Hapa kwetu sote wazima. Mvua imeanza kukatika na mbaazi za mama zimesimama vizuri. Huyu mdogo wangu Hamudi amevunja ndoo ya maji. Anasema ndoo ilikuwa imezeeka, lakini tulimwona akiipanda ili achungulie ndani ya tangi la jirani.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu sisi hatuiwezi. Tangu mashine ya zege ikuharibu sikio, unapiga kelele ukiongea, na mama anaweka spika ili naye asikie. Mara ya mwisho Mama Kibibi aliitikia salamu zako akiwa uani kwake. Na mimi unanijua, nikisikilizwa na watu wengi maneno yananiishia. Kondakta wa basi la Masasi ameahidi kukuletea bahasha hii dukani unakonunua saruji.

Habari yenyewe ni kwamba nimepata kazi. Kuna kampuni inajenga barabara ya kushuka bondeni, nao walitaka kijana aliyemaliza kidato cha nne anayejua ramani. Nilikwenda nikijua watachukua mvulana. Wamenichukua mimi. Kazi yangu ni kupaka alama za chokaa chini, mfano wa msalaba, na kuzilinda mbuzi wasizilambe. Alama hizo zinaonekana kutoka juu, maana wanapima ardhi kwa ndege nyuki. Ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani, yenye mapanga manne. Watu hapa wanaiita nyuki tu, kwa ajili ya sauti yake.

Inapaa asubuhi kabla upepo wa huku ukingoni haujaamka. Inakwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, huku inapiga picha mamia, kila moja ikiigusa jirani yake kidogo. Jioni kompyuta inazishona zote zikawa picha moja kubwa, na mkubwa wetu, Injinia Vitalis, anaona kilima kiko wapi, korongo liko wapi, udongo gani ukatwe na wapi ujazwe. Anasema zamani kazi ya asubuhi moja ingewatembeza wapimaji wiki nzima. Rubani wetu ni kaka mmoja wa Lulindi anaitwa Gervas. Juzi babu mmoja alimwomba amtafutie mbuzi aliyepotea, na kweli alimwona kwenye kioo cha rimoti, yuko shambani kwa mtu anakula kunde. Mwenye kunde naye akaja. Siku hiyo hatukupima kitu.

Gervas ameanza kunifundisha kurusha.

Wako mpwa,
Swaumu


Masasi,
6 Mei 2024

Mpwa wangu Swaumu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, imenuka vitunguu, sijui kondakta aliiweka wapi. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Faidha anakohoa pale anapoambiwa aoshe vyombo, vinginevyo amepona. Mimi sijambo, tunapandisha kuta za madarasa mawili, na wiki chache zijazo nahamia Nanganga kumwaga msingi wa ghala.

Nimefurahi kwa kazi. Mama yako angekuozesha kwa yule muuza mitumba kama usingepata shughuli, usifikiri sijui. Lakini hiyo tiara yenu inanichekesha. Mimi nimejenga miaka yote kwa jicho langu, timazi na pima maji, na nyumba zangu bado zimesimama. Muulize huyo injinia, nyuki yake inaweza kubeba tofali? Inaweza kumwambia fundi kwamba mchanga una chumvi? Ikiweza, niletee, nitaiozesha mimi mwenyewe.

Sasa jambo la maana. Shule zikifungwa mwisho wa mwezi huu, Hamudi anaingia jandoni. Mimi ndiye mjomba wake, ni kazi yangu, na nitakuja kumpeleka. Kisha atabaki na Mzee Uwesu mwenye kumbi, ile kambi ya jando kule porini, mimi nitarudi kazini. Atatoka mwanzoni mwa Julai. Mwambie dada yangu aandae unga. Wewe na yeye msiulize habari zake kwa mtu yeyote. Mambo ya kule wanawake hawayaoni, hawaulizi, na wala hawaandikiwi. Njia ya kisimani ile ya upande wa kumbi mtaiacha mwezi mzima, mzungukie ya juu.

Usisimame karibu na yale mapanga.

Mimi mjomba wako,
Nurdin


Newala,
18 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Idi imepita salama, tulikula pilau kwa Mama Kibibi. Mama alikuwa anacheka na watu, lakini nilimwona akimwekea Hamudi sahani, kisha akakumbuka hayupo akairudisha. Mbaazi zimetoa maua. Mkaza mjomba na Faidha nawasalimu.

Mjomba, nina swali, na sijui nilipange vipi.

Wiki iliyopita Gervas aliugua malaria. Injinia Vitalis alisema, "Swaumu, wewe unaweza, rusha." Nilirusha peke yangu siku mbili na picha zilitoka vizuri, mpaka akaniita rubani mbele ya madereva. Siku ya tatu alinipa kipande kipya. Anataka barabara isogee, kwa sababu mstari wa kwanza unakata mikorosho ya watu wengi. Kipande hicho niliwekewa kwenye mashine na mtu wa ofisini, mimi nilibonyeza tu ipae. Nilisimama mbali, upande wa juu, sikujua inaelekea wapi hasa.

Ni upande ule ambao mwezi huu sisi hatupiti.

Nilijua nilipoona kwenye kioo. Sitaandika nilichokiona. Niliinamisha uso na nikabonyeza irudi. Picha za pale nikazifuta hapo hapo, na nikaruka kipande chote kile, nikaendelea ng'ambo. Injinia aliponiuliza mbona kuna pengo, nilimwambia betri.

Swali langu ni hili. Ikiwa mtu wa kike amekosea bila kukusudia, kosa linabaki kwake peke yake, au linaweza kumfika mtu aliyeko kule? Mama Kibibi aliwahi kusema kidonda cha mtoto hakifungi mwanamke akichungulia. Alisema tu katika mazungumzo, tukichambua mchicha, lakini silali vizuri. Najua umesema tusiulize habari zake. Siulizi habari zake. Nauliza habari zangu.

Mama hajui.

Swaumu


Newala,
23 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Hujanijibu na nadhani bado uko Nanganga, lakini naandika tena kwa sababu jambo limekuwa kubwa.

Jana nimeona picha kubwa ya kipande kile ukutani ofisini. Lile pengo langu halipo. Mtu wa ofisini amelijaza kwa picha ya zamani kutoka kwenye setilaiti, na juu yake ameandika PORI. Mstari mpya wa barabara umepita hapo katikati, kwa kuwa hakuna mkorosho hata mmoja wa kulipia. Wote wamefurahi. Greda litaanza kusafisha hapo Alhamisi hii, tarehe 27.

Mjomba, mimi nilidhani nikiacha kupiga picha nimewaheshimu. Kumbe ramani ikikaa kimya mtu mwingine anaisemea.

Nilimtafuta mwenyekiti wa kijiji nikaambiwa amekwenda Tandahimba kwenye msiba. Kwa Mzee Uwesu siwezi kwenda, unajua alipo. Kumwambia injinia ni kusema nimeona. Mama akijua atashindwa kutoka nje. Lakini greda likifika pale, dereva na vibarua wake, na wale kinamama wanaouza uji wanaolifuata kila linapokwenda, wote watawakuta watoto.

Niambie nifanye nini. Nimemwomba kondakta ampe mkaza mjomba barua hii mkononi.

Swaumu


Masasi,
26 Juni 2024

Swaumu,

Nimerudi leo saa nne kutoka Nanganga, nimekuta barua mbili. Nimezisoma nimesimama.

Usiseme neno. Si kwa injinia, si kwa mama yako, si kwa huyo kijana wa Lulindi. Jambo la kumbi linasemwa na wanaume, na wa kwako wa kusema ni mimi. Nakuja Jumamosi. Mpaka hapo wewe fanya kama hukuandika chochote, nami nitafanya kama sikusoma.

Nurdin


Newala,
30 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 26 ilifika Ijumaa jioni. Nimeisoma mara nyingi. Uliandika nisiseme, na nilikuwa nimeshasema tangu Jumatano.

Jana watu waliniambia umeonekana stendi. Mama alipika wali, akatoa mkeka mpya. Tulikaa mpaka jua likazama, kisha Mama Kibibi akapita kusema umeshapanda gari la kurudi Masasi. Mama ameniuliza kama nina jambo na wewe. Nimemwambia sina. Sitaki uambiwe na watu wengine, kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa.

Jumatano jioni huwa tuna kikao kifupi pale kontena la ofisi. Injinia, madereva, Gervas, mtu wa ofisini na mimi. Huwa sisemi kitu, naandika majina tu. Injinia alimwonyesha dereva wa greda, "Hapa ni pori tupu, unasukuma moja kwa moja." Mimi nikasema, "Si tupu."

Nadhani nilisema polepole sana, maana aliendelea. Nikasema tena. Dereva akacheka, "Leo bubu kaongea!"

Injinia akaniuliza, "Si tupu kivipi?"

"Ile picha si yetu. Yetu nilikata mimi. Betri haikuisha."

Injinia akaweka kalamu chini. "Ulikata kwa nini? Kuna nini pale?"

"Siwezi kusema."

"Swaumu, kesho nina greda, nina mafuta, nina watu. Kuna kaburi? Kuna nyumba?"

"Siwezi kusema, injinia. Muulize mwanamume yeyote aliyezaliwa huku. Mimi nitoke nje, umuulize."

Nilitoka. Nilisimama karibu na pipa la maji. Nilimsikia dereva akisema, "Mwezi wa sita huu, jamani!" kisha Gervas akaongea kwa sauti ya chini, kwa muda. Gervas alikuwa kwao Lulindi anaumwa siku zile nilizorusha, na dereva ni wa Masasi mjini. Hawakujua ni pale.

Injinia alipotoka alikuwa na hasira, lakini hakunipigia kelele. Yeye kwao ni Kagera. Alisema, "Mimi kwetu mambo haya hatuna, lakini ningeelewa. Ungeniambia siku ile ile kwamba pale sipaswi kupiga picha, ningepaacha peupe. Umeniambia betri. Umenipa ramani ya uongo, na greda haliwezi kukisia." Kisha akachukua rimoti mkononi mwangu. Amesema nirudi kwenye chokaa mpaka atakapoona vingine. Sikujitetea. Ana haki.

Alhamisi greda lilikwenda kuanza ng'ambo ya pili. Gervas alikwenda kwa miguu kuonana na Mzee Uwesu. Alirudi akaniambia jambo moja tu, kwamba watoto wakishatoka kumbi linachomwa moto, na pale panabaki pori kama pori lingine, wazee hawana neno na barabara. Ilitakiwa kusubiri tu. Siku kumi, mjomba. Kwa siku kumi nilikuwa karibu kuvunja kila kitu kwa kunyamaza.

Sikukudharau. Barua ingefika Jumatano asubuhi, sijui ningefanya nini, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Labda ningekutii.

Ukiona vema, niandikie hata mstari mmoja.

Mpwa wako,
Swaumu


Masasi,
2 Julai 2024

Mpwa wangu Swaumu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amenikasirikia kwa sababu ya wali uliopoa, na amesema niandike leo au nipike mwenyewe. Faidha anakusalimu, ameanza kusema akiwa mkubwa atarusha nyuki. Umeniharibia mtoto.

Jumamosi nilikuja nikiwa na hasira, nikaona nisiingie kwa dada yangu na uso ule. Nilikwenda moja kwa moja kwa wazee. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Masasi, jinsi ya kukuombea. Nikakuta wameshamaliza mazungumzo. Mzee Uwesu aliniuliza, "Huyo binti ni mpwa wako wa kuzaliwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi lete jogoo." Nimeuliza ni wa kosa au wa shukrani. Akanitazama akasema, "Jogoo ni jogoo." Nimepeleka. Mpwa akiwa na jambo la namna hiyo analijibia mjomba, kwa hiyo hilo limekwisha na usiliulize.

Kuhusu amri yangu ya tarehe 26. Mimi nimesimamia mafundi muda mrefu, na nikiwa mbali na kazi huwa nawaambia wasimamishe mpaka nije. Mara nyingi ni sawa. Zege hata hivyo halimsubiri mtu, likishachanganywa linakauka, uwepo usiwepo. Nilijua Alhamisi inakuja kabla ya Jumamosi. Niliisoma tarehe kwenye barua yako. Nikaandika Jumamosi hata hivyo. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo, na sitajaribu.

Yule ambaye hukuuliza habari zake, anakula. Juzi aliomba kuongezwa.

Nitakuja siku ya kutoka, na safari hii nitaingia ndani. Mwambie mama yako asipike wali, apike ugali wa muhogo, nimeukumbuka.

Mjomba wako,
Nurdin


Newala,
14 Julai 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na ule mfuko wa mbaazi haukupasuka njiani. Mama anakushukuru kwa kitenge, anakivaa hata jikoni. Anasema wageni waliokuja siku ya kutoka walisifu unga wake, nami nakwambia kwa sababu anataka ujue bila yeye kusema.

Kazini, moto wa kumbi umeshazimika na greda limepita. Mimi bado nashika ndoo ya chokaa. Injinia ameweka utaratibu mpya, kabla nyuki haijapaa juu ya kijiji chochote, Gervas anakwenda kukaa na wanaume na mimi nakwenda kukaa na wanawake. Tunauliza wapi tusipite na mpaka lini. Kipande hicho kinaachwa cheupe, na juu yake panaandikwa HAPAJAPIMWA, ili asije mtu mwingine akapaita pori. Kumbe na kinamama wana pao. Sikuwahi kufikiri. Sikuyaandika ya kwao kwa injinia, nilimchorea tu duara, na hakuuliza.

Ninachotaka kukuambia ni cha baada ya wewe kuondoka.

Unajua mdogo wangu hataki tena lile jina la utoto aliloliacha kumbini. Mlimpa Rajabu, na mtu akimwita Hamudi haitiki, anatazama ukuta. Mimi wiki nzima sikumwita jina lolote. Nilikuwa namwambia "wewe" na "njoo". Ulimi ulikuwa haunipeleki. Kwangu alikuwa yule wa ndoo.

Juzi mama alikwenda kwenye mbaazi, tukabaki wawili tunakula. Ghafla akasema, "Dada, ile nyuki yenu ilipita juu yetu siku moja."

Nikasema, "Ndiyo."

"Nani alikuwa anairusha?"

Ningeweza kusema Gervas. Tangu kontena lile sitaki tena kusema betri. Nikasema, "Mimi."

Akaacha kutafuna. "Tuliisikia. Mzee Uwesu akatuambia..." Kisha akajifunga mdomo kwa mkono, kabisa, kama amekamatwa. "Siruhusiwi kukwambia."

"Usiniambie."

Alichezea tonge muda mrefu. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Uliniona?"

Mjomba, wewe hukuniuliza hilo hata mara moja, wala siku ile tuliyokaa mkekani, nami nilikushukuru moyoni. Sitaliandika hapa pia. Yeye nilimwambia, "Niligeuza."

Akafikiri. Akasema, "Ni vizuri. Ungeniona ningekuwa bado Hamudi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza hesabu. Nikajua amekuwa na swali hilo tangu siku ile ya nyuki, kama mimi nilivyokuwa na langu, tumelala chumba kimoja wiki nzima kila mtu na la kwake. Nikamsogezea bakuli la mboga.

"Rajabu," nikamwambia, "kula, ugali unapoa."

Akaitika.

Mpwa wako akupendaye,
Swaumu